Nilimwambia Daktari Kwamba Ni Wewe

Chonyonyo, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Kemirembe mwanangu,

Nimekutuma Kanoni kwa shangazi yako kwa makusudi. Ungeweza kumuaga kwa simu, na yeye anajua hivyo, maana jana tulipanga naye akucheleweshe kwa chai na maneno, na maneno shangazi yako hajawahi kupungukiwa. Nilitaka nyumba ikae bila wewe hadi jioni ili niandike. Mama yako yuko chumbani kwake, dirisha liko wazi, nikikohoa ananisikia. Kuna wingu zito upande wa Rwanda tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki, na kuku wameshaingia bandani kana kwamba ni magharibi.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama yako amekuhubiria wiki nzima juu ya maji ya kuchemsha, kufuli la sanduku na wavulana wa Mwanza, na sina cha kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Lina miaka tisa, na ningeweza kwenda nalo kaburini kama usingekuwa unaondoka kesho alfajiri.

Utakumbuka mwaka ule nilipokuwa navaa fulana nyeupe ya mradi. Ulikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, nikachukuliwa kuwa mdodosaji wa utafiti: watu walitoka mbali kutaka kujua jinsi wakulima wa huku wanavyoumwa migongo na viungo, wanavyolala, na wanavyoitumia miili yao tangu asubuhi hadi jioni. Tulifundishwa siku tano Kayanga, katika ukumbi wenye feni isiyozunguka. Kiongozi wetu alikuwa daktari, mama wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa macho. Sisi tulimwita Dokta, basi.

Nilirudi nimevimba kichwa. Watu wa kijiji waliponiita dokta na mimi nilikuwa siwasahihishi. Mikutanoni nilikuwa wa kwanza kusimama na kusema mficha maradhi kifo humuumbua, kwa sauti, mkono umenyooka, na kina mama wakinipigia makofi.

Kazi yenyewe ilikuwa na vichekesho vyake. Dodoso liliuliza, "Je, unafanya mazoezi ya mwili?" Mzee Ferdinandi, yule aliyekuwa na kahawa kule bondeni, alinitazama mpaka nikaona haya. Akaniuliza, "Mimi ninayebeba mikungu kutoka kibanjani, kwenye migomba na kahawa yangu, hadi barabarani, hayo wewe unayaitaje?" Kulikuwa pia na vifaa vya kufunga mkononi, mfano wa saa isiyo na mishale, vya kupima mtu anavyotembea mchana na anavyotulia usiku. Mtu alitakiwa akivae siku saba. Jirani mmoja alikiogopa, akakitundika kwenye msumari, na mashine ikatoa taarifa kwamba amelala wiki nzima. Tulicheka sana.

Lakini kulikuwa na swali moja lililomsumbua Dokta. Lilisema hivi: katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi umeshindwa kufanya kazi zako kwa sababu ya maumivu? Wanawake karibu wote walijibu hakuna hata moja. Dokta akatuuliza, "Ina maana wanawake wenu hawaumwi?" Mwenzangu Deusi, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa maneno, akamjibu, "Wanaumwa, Dokta. Ila hawashindwi." Dokta akaandika maneno hayo kwenye daftari lake. Mimi niliona Deusi anajipendekeza.

Tulikuwa tumepewa masharti mawili ambayo hayakuwa ya kuchezewa. Usimdodose mtu wa nyumba yako. Usimdodose mtu mbele ya mtu anayemwogopa. Nyumba yetu iliangukia kwenye orodha, kaya namba arobaini na moja, na ilipasa Deusi ndiye aje. Siku hiyo mvua ilinyesha, pikipiki yake ikakwama kwenye tope njia ya Rubwera. Nikasema, ya nini kumsumbua mtu, nitaimaliza mwenyewe.

Bibi yako, mama yangu mzazi, alikuwa bado hai. Mama yako alikuwa anamenya ndizi za jioni, na bibi ameketi karibu yake anachambua maharage. Wewe umekua huku, unajua mkamwana hasemi amechoka mbele ya mama mkwe wake. Watasemwaje watu wake waliomlea? Bibi yako alikuwa na neno lake, kwamba kabla mtu hajazeeka hana mgongo, ana uvivu tu. Hakuwa mkatili. Alilisema kama alivyoambiwa yeye alipoolewa.

Basi mimi, na fulana yangu nyeupe, nikavuta kigoda nikakaa mbele yao wote wawili.

"Katika mwezi uliopita, umepata maumivu ya mgongo?"

Mama yako hakunitazama. Alitazama mikono ya bibi yako kwenye ungo. "Sina."

"Usingizi wako ukoje?"

"Nalala."

Bibi akacheka. "Huyo? Anakoroma mpaka mbuzi wanaamka."

Nikaandika hana. Nikaandika vizuri. Niliandika hivyo, mwanangu, nikijua si kweli, kwa sababu nililala naye kitanda kimoja. Kwa miezi kadhaa mama yako alikuwa akiamka usiku, anakwenda kusimama mlangoni, anashika mwimo kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Nilipomuuliza alisema, "Nikilala ndipo unapoamka." Alimaanisha mgongo. Na mimi nilikuwa nimetoka kufundishwa jambo hilo hilo. Maumivu ya jembe na mzigo kwa kawaida hupoa ukipumzika. Yanayomwinua mtu kitandani kila usiku, hasa kama anapungua mwili na kulowa jasho, hayo yaandikwe pembeni na mtu apelekwe apimwe. Nililikariri vizuri kuliko wenzangu, na Dokta alinisifu mbele yao.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Hapana. Mama yako naye alipewa kile kifaa cha mkononi, na yeye hakukitundika kwenye msumari. Alikivaa siku zote saba, akioga akipika, kwa vile aliambiwa akivae. Mdomo wake ulikuwa umesema hana kitu. Mkono ulikuwa mbele ya mashine tu, na mashine haina mkwe.

Wiki mbili baadaye Dokta, ambaye kwenye karatasi zake kaya zilikuwa namba tu bila majina, akanipigia simu. Nilikuwa nje, nimesimama karibu na dirisha la chumba chetu. Akasema, "Huyu wa kaya arobaini na moja hapumziki. Dodoso lake linasema analala vizuri, lakini usiku anainuka mara nyingi mno, na akiinuka anasimama muda mrefu. Wewe unaifahamu nyumba hiyo? Kuna mtoto mchanga?"

Palikuwa na nafasi ya kusema kweli, na ilikuwa pana. Angenigombeza, pengine angenifukuza kazi, kisha angemwita mama yako siku hiyo hiyo. Nikasema, "Hakuna mchanga, Dokta. Ana binti wa miaka kumi anayekojoa kitandani. Humwamsha usiku kumpeleka nje."

Nilimwambia hivyo juu yako, mtoto uliyeacha kukojoa kitandani kabla hujaota meno yote. Dokta akacheka kidogo, akasema pole yake huyo mama, akakata simu.

Nimejiuliza miaka hii yote kwa nini. Haya ilikuwepo, ndiyo. Woga wa kuonekana nimevunja masharti ulikuwepo pia. Lakini nikikuandikia hayo tu nitakuwa nimedanganya tena. Kahawa ilikuwa imeiva. Kibanja kizima kilikuwa chekundu, na kupimwa kulitaka picha, na picha ilitaka safari ya Bukoba na siku ambazo hakuna ajuaye idadi yake. Nilisema moyoni, tuchume kwanza, tuanike, halafu nitampeleka. Na yeye alichuma. Aliposhindwa kuinama alichuma amepiga magoti, akijisogeza shina hadi shina, na mimi nilikuwa mstari wa pili naye. Siku za kushindwa kazi: hakuna hata moja.

Kilichofuata ulikiona, ila ulikiona kwa macho ya mtoto. Asubuhi ile alikuwa anageuza kahawa kwenye jamvi. Akakaa chini polepole, bila kupiga kelele, akasema, "Miguu imelala." Tulidhani ni ganzi. Ulikuja ukamfinya kidole cha mguu ukimtania, yeye akakuuliza, "Umeshanifinya?" Nadhani hilo unalikumbuka, kwa maana tangu siku ile hujawahi kumfinya mtu kwa utani.

Hospitalini daktari aliuliza maumivu yalianza lini. Nilifungua mdomo niseme wiki mbili. Mama yako akanitangulia, "Tangu maharage ya mwaka jana." Ilikuwa kifua kikuu kilichokaa kwenye mifupa ya mgongo. Alikuwa hakohoi hata kidogo, na mimi nilikuwa sijui kinaweza kukaa huko. Alimeza dawa kila asubuhi, mimi nikimshikia kikombe na kuweka alama kwenye kadi, na kadi hiyo sikuikosea hata siku moja. Dawa zilimponya ugonjwa. Hazikumrudishia miguu. Daktari alisema mshipa ulibanwa muda mrefu mno, na kwamba angewahi miezi michache mambo yangeweza kuwa mengine. Aliyasema kwa upole, akiwa anafuta miwani yake, na hakujua anazungumza na nani.

Wewe ulipimwa wakati ule ukaonekana mzima. Kisha ukaanza kazi ambayo sikukupa, ulijipa mwenyewe. Mtu asiyejigeuza lazima ageuzwe usiku, la sivyo mwili unaota vidonda, na nilipochelewa kuamka nilikuta umeshamgeuza. Una miaka kumi na mmoja unaamka saa nane, unaamka saa kumi, halafu shule. Nilikuwa nimemdanganya Dokta kwamba mama yako halali kwa ajili yako, na ndani ya mwaka mmoja ni wewe uliyekuwa hulali kwa ajili ya mama yako. Sijui nani hupanga mambo ya namna hiyo. Katekista nilimuuliza, akaniambia niombe, na nimeomba, sijapata jibu.

Sasa nije kwenye sababu ya barua.

Nimekuona. Ulidhani sikuoni kwa vile macho yangu yamepungua na kwa vile nimeacha zamani mambo ya uhudumu. Tangu mwezi wa senene, Novemba, unaamka usiku hata zamu isipokuwa yako. Unasimama mlangoni, unashika mwimo kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mara ya kwanza nilipokuona nilidhani naota, kwa sababu ulisimama alipokuwa akisimama yeye, na mimi nilikuwa nimelala upande ule ule. Sketi yako ya kijani umeibana kwa pini. Wiki hii umefua shuka mara tatu kabla hakujapambazuka na kulianika nyuma ya nyumba, si mbele kama siku zote.

Sijui ni nini. Nisikilize hapo, mwanangu, nimesema sijui. Inawezekana kabisa ni mgongo tu wa kumwinua mtu mzima tangu ukiwa mtoto, na shuka ni joto, na sketi ni mawazo ya safari. Kama ni kumbeba mama yako, nina hatia, kwani ni mimi niliyekupa mtu wa kubeba. Kama ni ule ugonjwa, nina hatia vilevile, kwa kuwa nimekuona tangu senene na sasa maharage yamo kwenye magunia. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi hata wa kwangu sikuwaganga.

Nilitaka kukuuliza Jumapili iliyopita. Nilikaa mezani nimeliandaa swali. Lakini mlango wa mama yako ulikuwa wazi na wewe ulikuwa unamlisha, nikaelewa kwamba nataka kufanya kosa langu lile lile, tena kwenye nyumba ile ile. Mbele ya mama asiyeweza kusimama, ni binti gani atasema mgongo unamuuma?

Leo mchana, ulipokwisha kupanda bodaboda, niliingia kwake nikamwambia yote. Kaya arobaini na moja, dodoso, simu ya Dokta. Nilikuwa nimesimama, nikaona niketi. Alisikiliza akitazama dari.

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Ulikuwa chini ya dirisha."

"Ulisikia nimesema nini?"

"Umemsingizia mtoto kojo. Nilisikia."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningeanzaje? Mama yako alikuwa sebuleni, na kahawa ilikuwa nje. Nilisema, labda mume wangu anajua kitu nisichokijua. Ulikuwa umesoma siku tano."

Hakuwa ananisimanga. Ningependa angenisimanga. Halafu akageuza uso kwangu, akasema, "Kemirembe naye hasemi kwa ajili yangu. Namwona mlangoni, mimi usingizi wangu ni wa kuku. Usimwulize akiwa hapa ndani. Na usimwache aende hivyo hivyo, Tata Kemi. Mimi nilikunyamazia mara moja, mara ya pili sitakunyamazia." Miaka tisa hajawahi kunikemea.

Nikatoka nikampigia Dokta. Namba yake ilikuwa bado kwenye daftari langu la mradi. Siku hizi yuko Mwanza, hospitali si mbali na chuo chako. Ilibidi nijieleze mara mbili ndipo akanikumbuka, kisha nikamwambia nani alikuwa halali, na kwa nini. Akauliza kwa sauti ile ile ya upole, "Yule mama yuko wapi sasa?" Nikamwambia yuko ndani, amelala, hatembei. Hakunitukana. Alisema, "Mtume binti aje Jumatatu asubuhi, kabla hajaripoti popote. Apigwe picha, apimwe vyote." Kisha akasema ana wagonjwa, akakata.

Kwa hiyo sikuzuii kuondoka. Panda basi. Ukifika Mwanza, namba yake iko kwenye karatasi niliyoikunja ndani ya barua hii, na Jumatatu atakusubiri. Huna haja ya kumweleza kwa heshima na mafumbo. Mwambie unaamka saa ngapi, unasimama wapi, shuka linalowa kiasi gani, na ukiona aibu kumbuka kwamba ya kukojoa kitandani alishaambiwa, na haya ya sasa hayana aibu kuliko hilo.

Limebaki moja, na hili litakuudhi.

Fomu yako ya afya ya chuo. Jumapili uliniletea niweke sahihi ya mzazi, umeikunja ili nione sehemu ya chini tu. Niliikunjua. Paliandikwa: je, una maumivu ya muda mrefu ya mgongo au viungo? Na wewe, kwa mwandiko ule uliokupa zawadi shuleni, uliandika Hapana. Najua kwa nini. Unakwenda kusomea tiba ya viungo, kazi ya kuinua wagonjwa, na unaogopa watasema mwenye mgongo mbovu atamwinua nani. Umeitaka nafasi hii tangu ulipojua jina lake, na umeitaka kwa ajili ya mama yako. Nililijua hilo lote, nikatia sahihi. Mkono wangu ulishazoea.

Leo, nilipomaliza kuongea na Dokta, nilifungua bahasha yako ya khaki nikaitoa. Nimekata neno lako kwa mstari mmoja, juu yake nimeandika Ndiyo, na usiku, na tangu lini, na jina langu kamili. Nimetumia kalamu nyekundu ya mradi, wino wake haufutiki bila kuchana karatasi, na fomu nyingine iko chuoni tu. Nimefanya hivyo bila ruhusa yako, na sikuombi msamaha kwa hilo, nakuomba kwa yale ya miaka tisa. Wanaweza kukukubali na kukutibu, Dokta anasema inawezekana. Wanaweza pia kukurudisha. Wakikurudisha, njoo unichukie hapa nyumbani, unichukie kwa sauti, miaka yote nitakayoishi. Mimi nitakaa nikusikilize, mradi umeingia ndani kwa miguu yako.

Ni mimi baba yako, nikiwa bado mezani, na bodaboda yako naisikia inapanda kutoka bondeni,

Tata